Tulipotibu Bwawa kwa Macho

Katikati ya miaka ya 1980, nilipoajiriwa katika hoteli moja ya ufuo wa Bamburi, idara ya bwawa ilikuwa na watu wawili: mimi, na mzee mmoja Mgiriama ambaye kila mtu, hata meneja, alimwita Mzee tu. Chumba cha pampu kilijaa ndoo za klorini ya unga, madumu ya asidi na gunia la shabu. Kulikuwa pia na kisanduku cha plastiki cha kupimia maji, lakini hicho kilikaa rafuni hadi siku mkaguzi alipokuja. Mzee alipima kwa macho. Alfajiri, kabla Wajerumani hawajateremka kutandaza taulo zao kushika viti, alisimama ukingoni upande wa kina kirefu akautazama wavu unaofunika bomba la chini. Akiyaona matundu yake, maji ni mazima. Akiona kivuli tu, aligeuka akaniambia, "Mwanangu, leo tunalala na shabu."

Kipimo kile sikidharau hata leo. Maji yaliyofifia ni hatari kwanza kwa sababu mtu anaweza kuzama akalala sakafuni, wenzake wakaogelea juu yake wasimwone. Ndiyo maana katika nchi nyingi bwawa la umma ambalo bomba lake la chini halionekani hufungwa papo hapo, bila kujali vipimo vingine vinasema nini.

Kulala na shabu kulikuwa hivi. Wageni wakishatoka, tuliitwanga, tukaikoroga kwenye ndoo mpaka ikayeyuka, tukaimwaga kuzunguka kingo zote huku pampu ikichanganya maji kwa muda mfupi. Kisha pampu ikazimwa. Usiku shabu huwa vipande laini vinavyonasa vumbi, mafuta na kila chembe ndogo ambayo mchanga wa chujio hauwezi kuishika, vikashuka navyo polepole. Asubuhi sakafu ilikuwa na zulia jeupe. Kuliondoa kulitaka mkono wa taratibu: hosi ya kufyonza ilisukumwa bila pupa, na maji yale yalipelekwa moja kwa moja kwenye mtaro. Ukiyapitisha kwenye chujio, mchanga huziba. Ukifanya haraka, zulia huinuka na kazi ya usiku kucha imepotea. Bibi zetu walituliza maji ya mtungi kwa shabu hiyohiyo, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini inafanya kazi. Mzee aliongeza la kwake: siku moja kabla ya shabu, tia asidi kidogo, itashika vizuri zaidi. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba shabu haifanyi kazi vizuri pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, inapopanda, na ya maji yetu ilikuwa ikipanda kila siku.

Ilipanda kwa sababu ya mahali tulipo. Kisima chetu kilichota maji yanayopita kwenye mwamba wa matumbawe, mwamba uleule ambao kiwanda cha saruji cha Bamburi kimekuwa kikiuchimba tangu miaka ya 1950. Maji hayo huja na chokaa tayari. Jua hupunguza maji bwawani lakini chokaa haiondoki na mvuke. Unajaziliza kutoka kisimani, chokaa inazidi. Na unga wetu wa klorini nao ulikuwa wa kalsiamu. Kila jioni tulikuwa tunaongeza chokaa juu ya chokaa, na hakuna aliyekuwa akiihesabu.

Lawama yote waliibeba wageni. Maji yakifanana na maji ya mchele, tulisema ni mafuta yao ya kujipaka. Macho yao yakiwa mekundu na harufu ikikaza, wao walisema dawa imezidi, na meneja akatuamuru tupunguze. Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi, kwani harufu ile si ya klorini safi. Ni ya klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo, ambayo nguvu yake ya kuua vijidudu ni ndogo. Dawa yake ni kuongeza klorini mpaka mchanganyiko huo uvunjike. Kwa hilo kisanduku cha rafuni kisingetusaidia hata tungekitumia, maana dawa yake ya matone ilionyesha njano moja kwa klorini yote, iliyo hai na iliyochoka. Vidonge vinavyogeuza maji kuwa ya waridi, na vinavyoweza kutenganisha hizo mbili, vilitokana na kazi ya mkemia Mwingereza Palin, ambaye alitangaza njia yake mwaka 1957. Kwetu vilifika mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Lakini kilichotubadilisha si vidonge. Ni mwaka 1997. Mwezi Agosti vurugu zilizuka Likoni, wageni wakaondoka pwani nzima, na hoteli ikabaki na vyumba vilivyofungwa mapazia. Wafanyakazi walipunguzwa. Matumizi yalikatwa, na cha kwanza kukatwa katika idara yetu kilikuwa asidi, kwa hoja kwamba hakuna anayeogelea. Baada ya majuma machache bwawa likawa jeupe. Hakuna mafuta, hakuna jasho, hakuna mtoto aliyekojoa, na bado wavu wa chini hauonekani. Mzee, ambaye alikuwa karibu kustaafu, alizunguka bwawa lile akilitazama kama mtu aliyetukanwa na mwanawe.

Aliyetufungua macho ni muuzaji wa dawa za mabwawa aliyepita akitafuta oda. Aliomba bilauri mbili, akachota maji yale meupe katika zote, kisha akadondosha asidi katika moja. Tukiwa tumeinama pale, ile moja ikaanza kung'aa mpaka ukaona vidole vyake upande wa pili. "Huu si uchafu, wazee wangu," akasema. "Ni chokaa imetoka majini. Shusha pH, itarudi kuyeyuka." Kama weupe ungekuwa wa mwani uliokufa au vumbi, bilauri mbili zingebaki sawa. Jaribio hilo halina gharama yoyote na nimelirudia katika mabwawa mengi tangu siku ile.

Kabla hajaondoka alitueleza jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya nikitoe kisanduku rafuni. Klorini bwawani ina hali mbili, kali na dhaifu, na pH ndiyo inayoamua mgao. Kwenye 7.2 karibu theluthi mbili ni kali. Kwenye 7.5 ni nusu. Kwenye 8 ni robo tu. Bwawa letu lilikuwa limepita 8. Maana yake, sehemu kubwa ya unga tuliokuwa tukinunua kwa fedha za kigeni ilikuwa ikikaa majini bila kufanya kazi, kwa kukosa dumu la asidi la bei rahisi. Mhasibu aliyekata asidi aliokoa shilingi na kupoteza noti, ila hilo sikumwambia.

Miaka ya 2000 vikaja vidonge vikubwa vya klorini, vile vinavyoelea kwenye kibuyu cha plastiki na kuyeyuka polepole. Kila mtu alivipenda. Havina kalsiamu, havimwagiki, na vina kinga ya jua ndani yake, asidi ya sianuriki, bila ambayo jua la saa sita mchana linaweza kumaliza sehemu kubwa ya klorini kwa saa mbili. Hata shida yetu iligeuka: vidonge hivi hushusha pH, kwa hiyo nikaanza kununua magadi ya kuipandisha. Kisichosemwa sana dukani ni kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa kidonge ni hiyo kinga, nayo haiishi. Klorini hutumika, kinga hubaki, mwezi baada ya mwezi. Ikifika miligramu 30 hadi 50 kwa kila lita, inalinda. Shirika la Afya Duniani linataka isipite 100. Nimeingia kwenye majumba ya Nyali nikakuta imepita hapo mbali, klorini inasoma vizuri kabisa, na maji ni ya kijani, kwa sababu kinga imeishikilia klorini isifanye kazi.

Kipimo chake kinanifurahisha. Unatia dawa, maji yanakuwa meupe makusudi, kisha unayamwaga katika mrija wenye nukta nyeusi chini. Nukta ikipotea, unasoma namba. Mzee angekielewa bila kufundishwa.

Tatizo ni tiba. Njia ya uhakika ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mapya, na Mombasa si mji wa kumwaga maji. Nimewahi kufungulia nusu ya bwawa kuelekea mtaroni huku nje ya lango wenye mikokoteni wanauza maji kwa madumu. Sikuwa na jibu la macho yao, na sijapata jibu bora kuliko kuzuia: vidonge kidogo, unga kidogo, na kupima kinga kabla haijazidi.

Mwezi Machi 2020 ndege za kimataifa zilipositishwa, mabwawa yaliachwa wazi na mengi yakageuka kijani. Kuyarudisha kulikuwa kazi ya subira. Unasugua kuta, unashusha pH, unapandisha klorini na kuishikilia juu, unaacha chujio likifanya kazi usiku na mchana. Kisha maji hutoka kwenye kijani na kuwa meupe, na hapo wenye mali hupiga simu kwa hofu. Weupe huo ni mwani uliokufa. Unaosha mchanga kila mshale wa geji ya chujio unapopanda, basi. Wengi hutaka shabu siku hiyohiyo; mimi huisubirisha hadi klorini iache kushuka usiku, kwani mwani ulio hai utarudi hata ukiushusha sakafuni.

Siku hizi mtindo ni mashine za chumvi. Mwenye nyumba mmoja wa Mtwapa aliniita juzi. "Fundi, nimeambiwa nikiweka chumvi sihitaji klorini tena." Nikamweleza kwamba mashine hugeuza chumvi hiyo kuwa klorini kwa umeme, palepale kwenye bomba; kwamba hutaka chumvi kama sehemu moja ya kumi ya ile ya baharini; kwamba huipandisha pH, na kwa maji ya kisima chake mabamba ya mashine yatavaa gamba la chokaa. Asidi atanunua tu. Alisikiliza, akauliza bei ya dumu, akapiga hesabu kwenye simu, na akaagiza mashine. Tutaifunga baada ya Idi.