Tamasha na Kawaida: Brenda Fassie na Masikio ya Hadhira Yake

Tangu miaka ya mwisho ya 1990, arusi nyingi nchini Kenya zimekuwa na wakati wake ambapo hata wazee waliokaa kando na bakora zao huinuka. Wakati huo ni ule wa kupigwa kwa Vulindlela, wimbo wa Brenda Fassie wa Afrika Kusini, uliotoka katika albamu yake Memeza ya mwaka 1997. Shangazi wa bwana arusi hucheza, vijana hucheza, na wapishi huacha masufuria kwa muda mfupi na kuja mlangoni. Wengi wao hawajui Kixhosa. Ukiwauliza mwimbaji alikuwa nani, baadhi yao watakumbuka jina. Ukiendelea kuwauliza alikuwa mtu wa namna gani, jibu litakuja upesi: alikuwa mlevi, alitumia dawa za kulevya, alikuwa na vituko, alikufa kijana. Hivyo basi, hadhira ina mambo mawili mikononi, yaani wimbo isioujua maana yake na maisha inayodhani inayajua barabara. Makala haya yanachunguza umbali uliopo baina ya mambo hayo mawili.

Brenda Fassie alizaliwa Langa, mtaa wa Waafrika jijini Cape Town, mwezi wa Novemba mwaka 1964. Alipewa jina la mwimbaji wa Marekani, Brenda Lee. Mama yake alikuwa mpiga piano, na inasemekana kwamba tangu utotoni binti huyu aliimba mbele ya watalii naye akipata senti zake. Akiwa bado msichana alipelekwa Soweto kutafuta riziki ya muziki, na mwaka 1983, pamoja na kundi la Big Dudes, akatoa Weekend Special. Alikuwa na umri wa miaka 18 hivi. Kuanzia hapo hadi kifo chake mwaka 2004 hakuwahi kuwa mtu wa faragha. Magazeti yalifuata mapenzi yake, ndoa yake iliyovunjika, madeni yake na siku zake katika vituo vya kutibu uraibu. Mwaka 2001 jarida la Time lilimwita Madonna wa mitaa ya Waafrika. Sifa hiyo ilikusudiwa kumtukuza. Hata hivyo, ilimtambulisha kwa jina la mwanamke mwingine, na jambo lililolinganishwa zaidi lilikuwa ujasiri wa mwili na vishindo vya jukwaani. Nyimbo zenyewe zilibaki nyuma.

Hata muziki wenyewe ulikuwa umekwisha kuhukumiwa kwa jina ulilopewa. Muziki wa dansi wa mitaa ya Afrika Kusini katika miaka ya 1980, wenye kinanda cha umeme na ngoma za mashine, uliitwa muziki wa chingamu. Katika jina hilo mna uhakiki mzima: kitu kitamu, kisicho na lishe, ambacho mtu hutafuna kwa muda kisha hukitema. Mhakiki aliyekubali jina hilo hakuwa na haja ya kusikiliza zaidi. Iwapo chakula ni chingamu, nani atatafuta mfupa ndani yake?

Tuutazame Weekend Special wenyewe. Nafsineni ni mwanamke anayemlalamikia mpenzi ambaye huonekana mwishoni mwa juma tu, kisha hutoweka. Anakataa kuwa mtu wa Jumamosi. Kwa msikilizaji wa nje, hili ni lalamiko la kawaida la mapenzi. Lakini wimbo huu ulitoka katika nchi ambamo sheria za vipande zilikuwa zingali zinatumika, hazikufutwa hadi mwaka 1986. Wanaume wengi waliishi katika mabweni ya wafanyakazi mbali na jamaa zao, nao wanawake wengi walilala katika vijumba vya uani mwa waajiri, wakipewa siku chache za mapumziko. Wimbo hautaji sheria hizo hata mara moja. Ingekuwa kosa kudai kwamba uliandikwa kuwa hati ya siasa. Hata hivyo, katika jamii ambayo muda wa watu kupendana ulikuwa umegawanywa na mwajiri na askari, mwanamke anayedai kupendwa siku saba za juma anadai jambo kubwa kuliko anavyodhani yule anayemcheza tu.

Hapa fikra za Njabulo Ndebele zina msaada mkubwa. Katika insha zake zilizokusanywa mwaka 1991 chini ya jina Rediscovery of the Ordinary, Ndebele alitoa hoja kwamba fasihi ya Waafrika wa Afrika Kusini ilikuwa imetawaliwa na tamasha. Ukatili wa ubaguzi ulikuwa wa wazi na wa kutisha mno hata mwandishi akatosheka kuuonyesha tu. Kilichopotea, kwa maoni yake, ni maisha ya kawaida: namna watu wanavyopendana, wanavyosengenyana, wanavyofikiri na kuamua. Ndebele huyohuyo aliandika insha nyingine iliyomhusu Brenda mwenyewe, jambo linaloonyesha kwamba si wasomi wote waliopitwa na kina cha msanii huyu.

Tukiutumia mgawanyo huo wa tamasha na kawaida kwa Brenda, tunapata jambo la ajabu. Maisha yake yalikuwa tamasha tupu, lakini nyimbo zake zilikuwa nyimbo za kawaida. Zola Budd ni wimbo kuhusu teksi ya abiria, binamu wa matatu yetu, ambayo watu wa mitaani waliibandika jina la mwanariadha wa kike aliyesifika kwa mbio. Katika jina hilo kuna kejeli ya watu wanyonge: mzungu mwenye mbio anageuzwa kuwa gari la kuwafikisha makwao. Too Late for Mama, wa mwaka 1989, unamsimulia mama anayekwenda kuteka maji na kupigwa na radi. Hamna hotuba ndani yake. Kuna mwendo, maji na mbingu, na kuna neno moja la kuchelewa linalorudiwa katika kibwagizo mpaka msikilizaji anaanza kujiuliza ni nani hasa aliyechelewa. Radi haina mwenyewe, lakini umbali kutoka nyumbani hadi kwenye maji una wenyewe. Swali hilo wimbo unaliacha kwa hadhira.

Hata alipoimba siasa waziwazi, hakuiacha mbinu hii. Black President, wa mwaka 1990, unasimulia kuchukuliwa kwa Nelson Mandela na miaka ya kifungo kwa mtiririko sahili, kama bibi anayewasimulia wajukuu mambo yaliyotokea kijijini, kisha unaishia katika matumaini ya kumwona rais mweusi. Wimbo ulipigwa marufuku. Mwaka 1994 ukawa kweli.

Yamkini mhakiki mwangalifu atatoa pingamizi hapa. Weekend Special haukutungwa na Brenda, uliandikwa na Melvyn Matthews. Nyimbo zake nyingine mashuhuri, pamoja na zile za Memeza, zilitengenezwa kwa ushirikiano mkubwa na Sello Chicco Twala. Je, kina kinachosifiwa ni chake kweli? Pingamizi hili lina uzito kwa mtu aliyelelewa na fasihi andishi pekee, ambamo mwenye kalamu ndiye mwenye kazi. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi halina uzito huo. Hatumnyimi fanani hadhi yake kwa sababu hadithi aliikuta. Tunauliza ameitendaje: alinyanyua sauti wapi, alinyamaza wapi, aliigeuza hadhira kuwa nani. Brenda alikuwa na sauti yenye mikwaruzo ambayo iliweza kupita kutoka uimbaji hadi usemi bila mshono kuonekana. Katika Too Late for Mama anasimulia kama jirani aliyetoka kuona tukio lenyewe. Katika Vulindlela anapaza sauti kama mtu aliyesimama langoni. Nafsi hizo hazipatikani katika karatasi ya mtunzi. Ziliumbwa kwa koo.

Fasihi ya Kiswahili ina kielelezo chake cha jambo hili. Siti binti Saad, aliyetoka katika jamaa maskini ya Fumba, Unguja, na kuuza vyungu kabla ya kuimba, alidhihakiwa na watu wa wakati wake kwa ukoo wake na kwa sura yake hata baada ya sauti yake kurekodiwa Bombay mwaka 1928. Alijibu kwa wimbo. Kisha akaja Shaaban Robert, mwandishi aliyeheshimika kuliko wote, akaandika wasifu wake. Umuhimu wa kitabu hicho hauko katika habari zilizomo tu. Umo katika uamuzi wenyewe, kwamba maisha ya mwimbaji wa kike aliyesemwa vibaya yanastahili nathari bora ya lugha ya Kiswahili. Shaaban Robert hakusubiri umma ubadili maoni yake ndipo ashike kalamu.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Inaweza kusemwa kwamba Brenda mwenyewe ndiye aliyewaita wapiga picha. Alisema mambo ambayo wengine waliyaficha, pamoja na mapenzi yake kwa wanawake, na alifurahia mshtuko alioupata. Mwaka 1995 alikutwa katika chumba cha hoteli jijini Johannesburg, hajiwezi kwa dawa, karibu na maiti ya mpenzi wake wa kike. Hakuna mhakiki mwaminifu atakayeliosha tukio hilo liwe safi. Ni kweli pia kwamba tamasha lilimlipa, angalau kwa muda. Lakini kukiri hivyo si kukubali kwamba tamasha ndilo lililokuwa sanaa yake. Mtu anaweza kuwa mshiriki katika uvumi unaomhusu na bado uvumi huo ukawa mdogo kuliko yeye. Aidha, wanaume wengi wa muziki wa Afrika walilewa, wakatelekeza wake na wakachelewa jukwaani, na habari zao zimebaki pembeni kama chumvi ya wasifu. Kwa mwanamke, chumvi ilifanywa chakula chote.

Ndipo turudi kwenye Vulindlela, wimbo uliotoka miaka miwili baada ya mkasa huo, wakati wengi walikuwa wameshamzika Brenda kabla hajafa. Msikilizaji wa Kiswahili hayuko mbali nao kama anavyofikiri. Indlela ya Kixhosa ndiyo njia yetu, kama vile indlala yao ilivyo njaa yetu. Kichwa cha wimbo kinasema: fungua njia. Anayesema ni mzazi, na katika sauti ya Brenda tunamsikia kuwa mama. Mwanawe wa kiume anaoa leo. Na anayeambiwa afungue njia si mgeni mwalikwa wala si barabara tupu. Ni mmbeya, yule jirani aliyekuwa akimsema kijana. Wimbo huu, kwa hiyo, ni wimbo wa mzazi aliyevumilia maneno ya watu mpaka siku ya kuyajibu, na jibu lenyewe si matusi bali ni arusi. Mtu wa pwani aliyezoea mipasho ya taarabu atautambua mara moja. Huyu ni jamaa wa karibu wa mwanamke anayeinuka ukumbini, akapeleka tuzo kwa mwimbaji huku akimtazama hasimu wake.

Tukizingatia mambo hayo, furaha ya Vulindlela inaonekana upya. Ni furaha iliyopita katikati ya fedheha. Mwimbaji aliyesengenywa kuliko wote nchini mwake aliupeleka usengenyaji ndani ya wimbo, akampa mmbeya nafasi, kisha akamwomba apishe. Wala hakufanya hivyo kwa kuungama maisha yake, kama ilivyo desturi ya wasanii wanaotaka kuhurumiwa. Alijificha nyuma ya mama wa kawaida, katika siku ya kawaida ya kijijini au mtaani. Memeza, jina la albamu hiyo, lina maana ya kupaza sauti kuita. Albamu ikauzwa kwa wingi mkubwa nchini kwake mwaka 1998, na ukelele huo ukachezwa kutoka Johannesburg hadi Kisumu.

Brenda Fassie alifariki tarehe 9 Mei 2004 akiwa na miaka 39, baada ya kulala hospitalini kwa siku kadhaa pasipo fahamu. Nelson Mandela na Rais Thabo Mbeki walikuwa wamekwenda kumjulia hali. Magazeti yaliandika habari za kila siku za kitanda chake. Mwaka 2006 sanamu yake ya shaba, kazi ya Angus Taylor, iliwekwa Newtown, Johannesburg, nje ya ukumbi uliojulikana kwa jina la Bassline. Ameketi mbele ya kipaza sauti, na kando yake pameachwa mahali ambapo mpita njia anaweza kuketi na kupigwa picha.

Huo ndio uhusiano ambao umma umekuwa nao na Brenda: kuketi karibu naye ili kuonekana. Kazi ya mhakiki ni nyingine. Ni kuketi karibu naye ili kusikia. Idara zetu za fasihi zimewafunza wanafunzi kuchambua majigambo, mbolezi na nyimbo za jando za watu ambao majina yao hayakuhifadhiwa, na zimefanya vyema. Lakini mwanafunzi huyohuyo akitoka darasani na kuingia katika arusi ya dada yake, akausikia wimbo wa mama anayemjibu mmbeya, hucheza bila kuuliza lolote, kwa sababu amefundishwa kwamba fasihi aliiacha chuoni. Acheze, maana wimbo ulitengenezwa uchezwe. Kisha akipumzika, amuulize anayejua Kixhosa ni nani aliyeambiwa apishe njia, na kwa nini.