Kabla ya Kuuliza Bei ya Simu, Tuulize Kazi Yake



Mpendwa msomaji, kila likizo inapokaribia, sisi mafrateri wa falsafa tunaulizwa swali lile lile na ndugu, wazazi na wanajumuiya: "Frateri, ninunue simu gani?" Wengine huuliza kwa utani, wengine wameshashika fedha mkononi. Swali linaonekana dogo. Lakini kwa familia nyingi za parokia zetu, laki mbili au laki tatu ni mbolea ya msimu mzima au sare na madaftari ya watoto. Ndiyo maana tumeona vema kulijibu hapa kwa utulivu.

Darasani tunajifunza kwa Aristotle kwamba chombo hueleweka kwa lengo lake. Huwezi kusema kisu ni kizuri kabla hujajua kinakwenda kukata nini. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu, na kuamuru jambo litendeke. Kwenye simu mafundisho haya yanafaa kuliko tulivyotarajia.

Likizo iliyopita tulikuwa katika utume wa kichungaji kwenye parokia moja ya vijijini. Waamini wa kigango kimoja walikuwa wamemchangia katekista wao simu, zikapatikana shilingi 280,000. Wapo waliotoa elfu kumi, wapo waliotoa mia tano. Bibi mmoja alileta mayai, yakauzwa, fedha ikaingizwa kwenye mchango. Mwenyekiti wa kigango alitukabidhi bahasha, akatuambia: "Chagueni ninyi, ila mkumbuke fedha ya mayai haichezewi."

Kwanza tukatafuta shauri. Hatukuanzia dukani, tulianzia kwa mwenye kazi. "Mwalimu, simu hii utaifanyia kazi gani?" Alitutajia: kupokea matangazo ya Paroko kwenye kundi la WhatsApp, kusoma masomo ya Dominika, kupiga picha vyeti vya ubatizo vinavyotakiwa parokiani, na kumwita Padre haraka mgonjwa anapohitaji Mpako. Kisha akaongeza mambo ambayo sisi tusingeyawaza. Macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Nyumbani hakuna umeme, simu anaipeleka kuchajiwa dukani. Tena kigangoni unashika mtandao mmoja tu, wakati parokiani anatumia mtandao mwingine. Kila jibu liligeuka kuwa sifa ya simu: kioo kikubwa, betri inayodumu, laini mbili.

Pili tukahukumu. Mmoja wetu alipendekeza simu iliyotumika, yenye jina kubwa na kamera kali. Hoja yake ilikuwa na uzito, kwa sababu simu ya namna hiyo mara nyingi ina picha safi na kasi nzuri kuliko simu mpya ya bei ile ile. Lakini betri huchakaa kadiri inavyochajiwa mara nyingi, na kwa mtu anayelipia kila chaji, betri iliyochoka ni gharama ya kila siku. Zaidi ya hayo, simu ya zamani huweza kuwa imeshaachwa na kampuni yake bila masasisho ya usalama, na kioo chake kikipasuka, fundi wa mji mdogo huenda asiwe nacho. Hatukusema simu zilizotumika ni mbaya. Tulisema haimfai mzee huyu.

Tukachagua simu mpya ya kawaida: betri ya mAh 5,000, kioo cha zaidi ya inchi sita, laini mbili zenye 4G, RAM ya GB 4 na nafasi ya kuhifadhi GB 64. Hapa tuwatahadharishe wasomaji wetu juu ya tarakimu za kwenye boksi. Simu nyingine huandikwa RAM ya GB 8, kumbe GB 4 kati ya hizo zimeazimwa kutoka kwenye nafasi ya kuhifadhi, na hiyo haina kasi ya RAM halisi. Vivyo hivyo, megapikseli nyingi peke yake hazileti picha nzuri. Muulize muuzaji, na uiombe simu uishike, uifungue, upige picha, usikilize spika.

Kabla ya kulipa tulibonyeza *#06# tukapata namba ya IMEI, tukaituma kwa ujumbe kwenda 15090 kuhakikisha kwamba simu ni halisi. Hatua hii ni ya dakika moja. Tukumbuke kwamba mwezi Juni 2016 TCRA ilizizima simu bandia nchini, na wengi waliachwa na vyuma visivyopiga wala kupokea. Na ukinunua simu ya mtu, hakikisha ameondoa akaunti yake mbele yako, la sivyo huenda siku moja ikakudai nywila usiyoijua. Ukichukua ya mkopo, jumlisha marejesho yote hadi mwisho, ndipo uilinganishe na bei ya fedha taslimu. Fedha iliyobaki kwetu ilitosha kava, kioo cha kinga na bando la kuanzia.

Tatu ni kuamuru, na hapa maneno yanaturudia sisi wenyewe. Kisu kina kazi moja. Simu janja haina kazi moja: ni Biblia, ni redio, ni benki, ni uwanja wa mpira, ni soko la umbea. Kwa hiyo lengo lake halimo ndani ya boksi, linatoka kwa mwenye nayo. Asipolitoa yeye, watalitoa wengine ambao faida yao ni kuona macho yake hayabanduki kwenye kioo.

Nasi waseminari tunasoma kwa michango ya watu wale wale waliotoa mia tano na mayai. Tunahitaji simu: kusoma vitabu na vidokezo vya masomo, kusali Masifu tukiwa safarini, kuwajulia hali wazazi. Kazi hizo zinafanywa vizuri na simu ya kawaida. Tunapotamani ya milioni mbili, tujiulize ni kazi gani ya utume isiyowezekana bila hiyo. Kama jibu ni kwamba tutaonekana, basi tumeshajibu. Padre wa kesho atakayeketi kwenye mkeka wa bibi yule akiwa na simu inayozidi thamani ya mavuno yake atalazimika kuongea sana juu ya ufukara ili aaminiwe.

Mpendwa msomaji, ushauri wetu ni huu. Kabla hujaenda dukani, andika kwenye karatasi kazi tatu ambazo simu yako itafanya kila siku, na kiasi ambacho hutakivuka. Ingia na karatasi hiyo mkononi. Muuzaji akikuonyesha kitu kisichoandikwa humo, mshukuru kwa upole, endelea kutafuta.