Safari ya theluji mwezi wa nne

Ndugu zetu wa kambini, salamu kutoka Calgary, Kanada. Watoto hawatupi raha: wanataka kwenda milima ya Banff kuteleza kwa skii, vile vibao virefu vinavyofungwa kwenye viatu. Ni kama kilomita 130. Banff ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza ya Kanada, ilianza mwaka 1885.

Tumechagua mwezi wa nne. Baridi inapungua, lakini huko juu Sunshine Village watu huteleza mpaka mwezi wa tano. Asubuhi theluji ni ngumu kama saruji, mchana inalainika kama uji. Jua likiipasha inaweza kuporomoka na kufukia watu, kwa hiyo hakuna kutoka nje ya njia zenye alama. Miwani ya jua ni lazima, na mafuta ya ngozi pia. Hata ngozi nyeusi inaungua.

Shida ni pesa. Tiketi ni ghali, na kila mwezi tunamtumia bibi kitu hapo kambini. Basi tumeamua: watoto watateleza kwa vifaa vya kukodi, sisi wazazi tutawangojea chini na chupa ya chai. Pesa ya bibi haiguswi. Watoto wamekubali, mradi bibi apigiwe simu kutoka mlimani.