Walijadili Mke wa Pili

Mwaka 1969, mwezi wa Septemba, Serikali ilitoa waraka wenye mapendekezo ya sheria moja ya ndoa kwa Tanzania Bara nzima. Sisi wa Tanga tuliujadili Ngamiani, katika darasa la shule, jioni baada ya watoto kutoka. Nilikuwa mwalimu kijana na katibu wa tawi la UWT, Umoja wa Wanawake. Ukatibu huo niliupata kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa unasomeka, na mwandiko huohuo ukaniketisha meza ya mbele. Kwa hiyo niliyasikia yote, na mengi niliyaandika kwa mkono wangu.

Wanaosimulia habari hizo leo hupenda kusema kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 ilishuka tu kutoka juu, Mwalimu Nyerere akasema na watu wakaitikia. Sivyo nilivyoona. Watu waligombana. Waligombana barazani kwenye kahawa, ndani ya mabasi, hata nyumba moja mume na mke wasipeane salamu siku mbili tatu kwa sababu ya ukurasa mmoja wa waraka.

Lazima mtu ajue tulikotoka. Kila kundi lilikuwa na ndoa yake. Sisi Waislamu tulioana kwa sharia, Wakristo kanisani, na waliobaki kwa kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, nyingi zikiwa zimekusanywa na Mzungu mmoja, Hans Cory. Kadhi hakuwa na mahakama tena. Kesi zetu zilikwenda Mahakama ya Mwanzo. Mwisho wa 1968 Serikali ilikuwa imepiga marufuku jumuiya kubwa ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, na BAKWATA ikazaliwa palepale. Shehe aliyeketi mbele yetu hakuhitaji kuambiwa hayo. Waraka ulipogusa ndoa, wengi waliuliza: kesho watagusa nini, swala?

Halafu kulikuwa na Operesheni Vijana. Vijana wa TANU walitangaza vita dhidi ya sketi fupi, mawigi na dawa za kujichubua, na kuanzia Januari 1969 amri ikawa rasmi. Dar es Salaam wasichana walivamiwa Kariakoo. Nalitaja hili kwa sababu mwaka uleule mmoja, kwa sauti zilezile za kulinda utamaduni, wanaume wetu walikuwa wanapima magoti ya wanawake barabarani na kutetea haki ya kuongeza wake nyumbani. Wala hakuna aliyeona kichekesho.

Mkutano wa kwanza ulijaa mpaka madirishani. Wanaume mbele, wanawake nyuma na kando, kama ilivyokuwa desturi, ingawa mkutano ulikuwa wetu. Mwenyekiti alisoma pendekezo kwamba mke wa kwanza awe na neno kabla mumewe hajaoa wa pili. Hakumaliza sentensi. Mzee mmoja mwenye duka la nguo alisimama akasema Mungu amemruhusu wanne, sasa yeye aende kuomba ruhusa kwa mke aliyemtolea mahari mwenyewe? Makofi. Mchungaji wa Kilutheri akasema kwao suala hilo halipo, mke ni mmoja. Mtu mmoja kutoka nyuma akamuuliza kama mahawara nao wanahesabiwa. Vicheko vikachukua dakika nzima.

Shehe alizungumza kwa utulivu, na ningependa asitendewe kama wanavyotendewa mashehe katika hadithi za namna hii. Alisema sharia ya Mungu hairekebishwi kwa kura, wakashangilia. Kisha akaendelea: aya inayoruhusu wanne imeweka uadilifu kuwa sharti, na humu ndani anawajua wanaume wasioweza kumlisha hata mmoja. Mahari ni mali ya mwanamke, akasema, si ya baba yake, na wapo waliokaa miaka kumi bila kuilipa. Edda ina masurufu. Mtalaka hatolewi nje na kapu lake usiku wa manane. Nusu hii haikupigiwa makofi. Niliandika maneno yake yote, lakini wanaume walipotoka nje walikuwa wamebeba nusu ya kwanza tu.

Lilipofika suala la kupiga, mzee mwingine, mtu wa bara, alieleza kwamba kwao mwanamke asipopigwa anadhani hapendwi. Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha akamwambia bila kusimama, "Basi sogea huku, baba, nasi tukupende." Mwenyekiti aligonga meza mpaka chaki ikadondoka.

Wanawake wa nyuma hawakuwa na haja kubwa na mke wa pili. Hilo lilinichukua muda kulielewa, nikiwa bado sijaolewa. Wengine walikuwa wake wa pili wenyewe. Bibi mmoja muuza vitumbua, mtu mzima anayeheshimika mtaani, aliomba nafasi, na nafasi ilipokuja akasema hivi, nami nilijitahidi kumwandika neno kwa neno: "Ndugu Mwenyekiti, aoe hata wanne. Mimi nauliza nyumba. Tulikandika pamoja, maji ya udongo nimechota mimi, bati nimenunua kwa vitumbua. Akinitamkia talaka asubuhi, mchana nitakuwa wapi?"

Mwenyekiti akamjibu kwa adabu, "Bi mkubwa, hoja iliyo mezani ni mke wa pili. Hilo lako tutaliweka kwenye mengineyo."

Nikaliandika kwenye mengineyo.

Kutoka makambi ya mkonge, Pongwe na Amboni, walikuja wanawake wenye swali jingine kabisa. Walikuwa wakiishi na manamba waliotoka mbali, Kigoma, Songea, Msumbiji. Hapakuwa na mahari wala shahidi. Wazazi wa mwanamume hawakujulikana hata jina. Bei ya mkonge ilikuwa imeanguka, mashamba yalipunguza watu, na mwanamume aliyepunguzwa alipanda gari kurudi kwao. Mwanamke akabaki na watoto na chumba cha kampuni alichotakiwa kukihama. Sharia haikuwa na jina lake, kanisa halikumwona, na mila haikumtambua kama mke wa mtu. Wanaume waliokuwa wakitetea dini na mila pale ndani hawakuwa na neno la kuwaambia hawa, na nadhani ndiyo maana hakuna aliyewajibu.

Muswada ulikwenda bungeni Januari 1971 na sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Mei. Niliipata nakala baada ya muda, nikaisoma nikitafuta sauti za darasa letu. Wanaume walikuwa wamesikilizwa: ndoa ya Kiislamu na ya kimila ilihesabiwa kuwa inaweza kuwa ya wake wengi, na ya kanisani ikabaki ya mmoja. Mke aliyepo alipewa haki ya kuweka pingamizi, kwa mfano akionyesha kwamba kipato cha mume hakitoshi, au kwamba huyo anayeletwa ataleta fitina kubwa nyumbani. Kumpiga mwenzi kulikatazwa waziwazi. Talaka lazima ipite mahakamani, na kabla ya hapo baraza la usuluhishi. Na wale wa mkonge walipata kifungu chao: waliokaa pamoja miaka miwili na kuonekana na watu kama mume na mke wachukuliwe kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nilikisomea kifungu hicho Pongwe kwa sauti. Mwanamke mmoja alinitaka nirudie, halafu akacheka, akasema wake amekwisha ondoka, sheria imechelewa gari.

Kuhusu nyumba, sheria ilisema mahakama igawe mali iliyochumwa pamoja kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, wa fedha, mali au kazi. Neno kazi lilikaa pale, likawa ugomvi wa miaka kumi na mbili. Majaji waliligombania: mmoja anaona kupika na kulea ni mchango, mwingine anaona ni wajibu wa mke usiolipwa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiandika, ikaamua katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Wanasheria wanawake waliisherehekea na wana haki. Kinachosimuliwa kwa nadra ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata nyumba. Mahakama iliona alikwisha tumia vibaya fedha alizopewa na mumewe za biashara, ikahesabu hiyo kuwa sehemu yake. Wengi walifaidika na jina lake kuliko yeye.

Wakati huo nilikuwa mjumbe wa baraza la usuluhishi, na nilitegemea hukumu ile ituongoze. Haikufika haraka. Wenzangu barazani walitaka kujua kwanza kama mwanamke alikuwa mtiifu.

Ukewenza, kwa upande wake, haukukosa wasemaji hata siku moja. Mwaka 1988 Sofia Kawawa, mwenyekiti wa UWT, alisema hadharani kwamba sheria za ndoa na wake wengi zinawadhulumu wanawake na zibadilishwe. Zanzibar, ambako sheria yetu ya 1971 haifiki, waumini waliandamana mwezi Mei baada ya swala ya Ijumaa, polisi wakafyatua risasi, watu wawili wakafa. Nilimheshimu Bi Sofia, lakini niliona ameingia mlango uleule walioupenda wanaume: wake wangapi. Ukiuliza wangapi, wanaume wataleta aya. Uliza nyumba, mahari, masurufu ya edda, watakaa kimya, kwa sababu aya zenyewe ziko upande wako. Kwetu sisi Waislamu hilo lilikuwa wazi zaidi tangu tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy itoke Nairobi mwaka uleule 1969. Mwanamke anayejua kusoma Kiswahili hakuhitaji kumngoja mtu amtafsirie haki yake.

Wakenya walipitia njia hiyohiyo kwa kuchelewa. Muswada wao wa ndoa uliangushwa bungeni mwaka 1976 na tena 1979, wabunge wanaume wakilalamika kwamba unawanyima haki ya kuwarudi wake zao. Mwaka 2014 ulipopita hatimaye, wabunge wanawake walitoka nje ya ukumbi kwa hasira kwa sababu wanaume walikuwa wamefuta kipengele cha mke wa kwanza kushirikishwa. Niliziona habari hizo kwenye televisheni, nikajiona nimerudi Ngamiani, tofauti ikiwa suti.

Jambo moja halikujadiliwa kabisa mkutanini mwaka ule, na mjukuu wangu anayesomea sheria ndiye aliyenibana nalo. Sheria ya 1971 iliweka umri wa kuolewa msichana kuwa 15, mvulana 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali.

"Bibi," akaniuliza, "ninyi mlikuwa mkutanini. Kwa nini hamkupinga?"

Nilimwambia sheria ilipotoka tulishangilia. Mtaani kwetu kilichoangaliwa kilikuwa kuvunja ungo, basi. Ukitaja 15, wazee walinung'unika kwamba binti ataharibika akingoja. Mimi mwenyewe niliiona ni namba kubwa.

Hakuridhika. Akasema Serikali ilipofika mahakamani ilijitetea kwa mila na dini, kana kwamba ni sisi tuliokuwa tumeiomba. Nikamjibu kwamba katika yote niliyoyaandika sikumsikia mwanamke hata mmoja aliyeomba bintiye aolewe na miaka 15. Waliomba nyumba. Akataka kujua kama ningekuwa tayari kuyasema hayo mbele ya wabunge, maana kurekebisha sheria ni kazi yao. Nikamwambia wakiniita nitakwenda, ila waniwekee kiti, na wasinipange kwenye mengineyo.