Bendi ya Oasis na kitufe cha kufuta

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata niongee kuhusu muziki. Wanaongoja somo la Python mnivumilie kidogo, halijaenda popote.

Tangu ndugu wawili wa Manchester, Noel na Liam Gallagher, waliporudi jukwaani pamoja mwaka 2025 baada ya miaka 16 ya kununiana, nimeulizwa swali moja mara nyingi ofisini, maana wanajua mimi ndiye mgonjwa wa Oasis. Swali lenyewe: ikiwa hii ilikuwa bendi kubwa hivyo, mbona kila anayeipenda anataja albamu mbili tu? Bendi ilitoa saba! Nimejaribu kulijibu kwa ufupi penye foleni ya chai nikashindwa, basi nalijibu hapa.

Kwanza mjue kwamba mimi nilifika karamuni vyombo vikioshwa. Albamu yao ya tatu, Be Here Now, ilitoka tarehe 21 Agosti 1997, na mimi nilizaliwa mwaka huo huo. Nyimbo zao nilizipata chuoni, mwaka wa kwanza wa shahada, kwenye flashi ya jamaa tuliyekuwa tukiishi naye chumba kimoja. Zilikuwa folda saba, zimepangwa kwa mwaka. Nikazisikiliza kwa mpangilio huo, kama mtu anayefungua matoleo ya programu moja baada ya jingine kuona nini kilibadilika. Sikuwa na habari ya sifa zao wala ya ugomvi wao, na hakuna aliyekuwa amenionya ni wapi nitavunjika moyo. Nilipofika folda ya tatu nilitoa spika za masikioni nikazikagua, nikidhani zimeharibika.

Tuanze na folda ya kwanza, kwa sababu jibu limo humo. Definitely Maybe ilitoka Agosti 1994, na hadi wakati huo hakukuwa na albamu ya kwanza ya bendi yoyote iliyokuwa imeuzwa kwa kasi kama ile nchini Uingereza. Wengi wanasahau kwamba ilikaribia kufia studio. Mapema mwaka huo walirekodi katika studio ya Monnow Valley, Wales, pamoja na prodyuza Dave Batchelor. Kazi ikatoka baridi, haina ule moto wa jukwaani. Wakaenda Sawmills kule Cornwall, wakarekodi upya na Mark Coyle, mtu wao wa sauti za jukwaani. Bado haikushika. Shida mojawapo ilikuwa kwamba Noel alikuwa amepanga gitaa juu ya gitaa juu ya gitaa. Ndipo kanda zikapelekwa kwa Owen Morris, na Morris akafanya jambo ambalo kila mwandishi wa programu anapaswa kulipenda: akafuta. Aliondoa tabaka baada ya tabaka za gitaa za Noel mpaka wimbo wenyewe ukaonekana, halafu kilichobaki akakisukuma mbele. Albamu tunayoisikia leo ni ile iliyookolewa na kitufe cha kufuta.

Noel alikubali. Mnielewe hapo. Alikubali kwa sababu mwaka 1994 hakuwa mtu. Miaka michache tu kabla alikuwa akibeba na kutengeneza vyombo vya bendi nyingine, Inspiral Carpets, huku akiandika nyimbo zake pembeni. Kwa hiyo alikuwa na vitu viwili: ghala lililojaa nyimbo za miaka mingi, na watu waliokuwa na nguvu ya kumwambia hapana.

Ghala hilo lilikuwa kubwa kiasi cha kutisha. Enzi hizo singo ilitoka na nyimbo za ziada, zile walizoziita za upande wa B, jina lililobaki tangu zama za santuri. Kwetu Kenya, kwenye santuri za benga na rumba, upande wa B mara nyingi ulikuwa wimbo ule ule ukiendelea, tena hapo ndipo gitaa huchacha. Kwa Waingereza ulikuwa mahali pa kutupia mabaki. Sasa tazama Oasis walitupa nini: Half the World Away nyuma ya Whatever mwaka 1994, Acquiesce nyuma ya Some Might Say mwaka 1995, The Masterplan nyuma ya Wonderwall mwaka huo huo. Bendi nyingine zingejenga nyumba juu ya wimbo mmoja kama huo. Noel alizigawa kama karanga.

Albamu ya pili, Morning Glory, ya Oktoba 1995, iliuzwa zaidi ya nakala milioni 20 duniani. Agosti 1996 walipiga Knebworth usiku mbili mbele ya watu 250,000, na walioomba tiketi walizidi milioni 2.5. Hapo, wasomaji, ndipo wahenga walipoiona bendi hii kabla haijazaliwa: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ila mgema huyu alikuwa na ugonjwa tofauti. Maji hakutia, alimimina tembo juu ya tembo mpaka kibuyu kikapasuka.

Nyimbo nyingi za Be Here Now aliziandika mwaka 1996 katika kisiwa cha Mustique, Karibi, akiwa mapumzikoni na watu maarufu. Ghala lilikuwa limeanza kuonyesha sakafu. Halafu wakaingia studio na kila kitu kikarefushwa. Albamu ya kwanza ina dakika zipatazo 52. Hii ina 71. Ukiacha kile kipande cha mwisho kinachorudia wimbo mwingine, hakuna wimbo hata mmoja ulio chini ya dakika nne. D'You Know What I Mean? una dakika zaidi ya saba, All Around the World zaidi ya tisa, tena na okestra. Wimbo wa My Big Mouth unakadiriwa kuwa na nyimbo-sambamba 30 za gitaa pekee. Thelathini! Hata mwigizaji Johnny Depp yumo, akipiga gitaa kwenye Fade In-Out.

Naomba niingie kidogo kwenye ufundi, maana hapa ndipo nilipodhani spika zangu zimekufa. Sauti kwenye CD ni namba tu. Kila sekunde inapimwa mara 44,100, na kila kipimo kina biti 16, yaani ngazi 65,536. Ukishafika ngazi ya juu kabisa, hakuna pa kupanda. Kwa hiyo ukitaka kitu kimoja kisikike kikubwa, lazima jirani yake kiwe kidogo. Na gitaa mbili zikipiga masafa yale yale kwa nguvu ile ile, sikio halisikii gitaa mbili. Linasikia gitaa moja lenye ukungu. Zikiwa thelathini, ukungu unakuwa ukuta. Nilifungua faili ya My Big Mouth kwenye Audacity nione umbo la wimbi lake: ni tofali, toka mwanzo hadi mwisho. Nikiwa mkweli, Morning Glory nayo ilisukumwa sauti juu kupita kiasi, kwa hiyo kelele peke yake haitoshi kuwa maelezo. Tofauti ni kwamba ndani ya ile kelele ya pili kulikuwa na nyimbo zenye nafasi ya kupumua.

Na sasa kitendawili. Prodyuza wa Be Here Now alikuwa nani, pamoja na Noel? Owen Morris. Yule yule aliyefuta! Mikono yake haikuwa imesahau kazi. Kilichobadilika ni chumba. Mwaka 1994 alikuwa akimfutia kijana asiyejulikana. Mwaka 1997 alikuwa na mtu aliyejaza Knebworth, kokeini ilikuwa tele kama wenyewe walivyokuja kukiri, kampuni ya kurekodi ilikuwa ikila kwa jasho la bendi hiyo, na magazeti yaliyoisifu Morning Glory kwa kusitasita yaliogopa kukosea mara ya pili, yakaipa albamu mpya nyota zote. Siku ya kwanza ziliuzwa nakala 424,000 Uingereza. Ungekuwa wewe ndani ya studio ile, ungeinua mkono useme dakika tisa ni nyingi?

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili halinipi usingizi. Tangu mwanzoni mwa mwaka naongoza timu ya watu sita kazini. Zamani nikituma msimbo wangu ukaguliwe ulikuwa ukirudi umejaa maoni, mengine ya kuudhi, na karibu yote ya kweli. Siku hizi narudishiwa "sawa kabisa, boss". Majuzi nilituma mabadiliko ya mistari 1,900, yakapitishwa kabla chai yangu haijapoa. Hakuna binadamu anayesoma mistari 1,900 kwa dakika nne. Sijawa fundi bora kuliko nilivyokuwa Desemba. Nimekuwa tu yule anayetia saini fomu za likizo.

Kuna dada mmoja aliyetujia kwa mafunzo, bado yuko chuoni. Kwenye mkutano wa wiki ya pili alinyoosha kidole kwenye skrini akaniuliza, "Samahani, hii sehemu yote inahitajika kweli?" Chumba kizima kikanyamaza. Wenzake hawakutazama skrini, walinitazama mimi, kuona kama nitakasirika. Tukaijadili nusu saa, sehemu ikapunguzwa. Lakini ule ukimya ndio ninaoufikiria kila nikisikia wimbo wa dakika tisa. Nina hofu kwamba baada ya miezi sita naye atakuwa amejifunza kunitazama usoni kwanza, kabla ya kuuliza.

Turudi kwa Oasis. Wapo wanaosema baada ya 1997 kulikuwa na mteremko mmoja hadi mwisho. Siwaungi mkono. Mwaka 1999, katikati ya kurekodi albamu ya nne, Bonehead na Guigsy, wanachama wa tangu mwanzo, waliondoka. Standing on the Shoulder of Giants ya mwaka 2000 inasikika kama nyumba ambayo watu wamehama, ingawa Go Let It Out ni wimbo mzuri sana. Heathen Chemistry ya 2002 ni mchanganyiko. Noel sasa anawaachia wenzake nafasi ya kuandika, na jambo la kuchekesha ni kwamba kito chake kimetoka kwa Liam, aliyedhaniwa kazi yake ni kuimba na kutukana tu. Songbird ina dakika mbili na ushee, na kodi chache za gitaa. Imekwisha kabla hujachoka. Don't Believe the Truth ya 2005, Zak Starkey, mwana wa Ringo Starr, akiwa kwenye ngoma, ni albamu ninayoitetea mbele ya yeyote. The Importance of Being Idle una ucheshi, una umbo, na unajua wakati wa kunyamaza. Dig Out Your Soul ya 2008 inaanza kwa nguvu, kisha katikati inasinzia. Agosti 2009, mjini Paris, wakapigana na kuvunjika.

Albamu zote saba zilifika namba moja Uingereza. Kwa hiyo kama ungeangalia jedwali la mauzo pekee usingejua kuna lolote lililoharibika. Wale mnaopenda kuweka grafu za matumizi ukutani ofisini, mmenisikia.

Ushahidi ninaoupenda zaidi wameutoa wenyewe. Tarehe 4 Julai 2025, mjini Cardiff, usiku wa kwanza wa kurudi, walipiga nyimbo 23. Nikakaa nikazihesabu, maana hiyo ndiyo aina ya mtu niliyo. Kutoka albamu nne za mwisho, kazi ya karibu miaka kumi: wimbo mmoja, Little by Little. Kutoka Be Here Now: mbili. Kutoka upande wa B, kule kwa kutupia mabaki: tano.

Mwaka 2016, Be Here Now ilipotolewa upya, Noel alijaribu kuichanganya sauti upya apunguze mzigo. Alimaliza wimbo mmoja, D'You Know What I Mean?, kisha akaacha, na yaliyobaki yakabaki yalivyokuwa. Lakini katika toleo hilo hilo zilitiwa rekodi za majaribio kutoka Mustique: Noel, Owen Morris, mashine ya ngoma, na gitaa za kuhesabika. Sikiliza Stand by Me ya humo halafu sikiliza ile ya albamu. Wimbo ulikuwepo. Ulikuwepo kabisa.

Kama hujawahi kuwasikia na unataka pa kuanzia, usianze na albamu yoyote kati ya saba. Tafuta The Masterplan, mkusanyo wa mwaka 1998 wa nyimbo za upande wa B. Na anayejua wimbo wa baada ya 2000 ambao wangepaswa kuupiga Cardiff aniandikie hapo chini. Mimi nasema The Importance of Being Idle, na niko tayari kwa ugomvi.