Upana wa Boriti

Mgeni akija Unguja mjini na kamera yake, hupelekwa pale pale wanapopelekwa wote: milango ya kuchonga, Ngome Kongwe, Forodhani, na jioni anakula urojo. Sina ugomvi naye. Milango hiyo hata mie naipenda, ingawa ile hadithi kwamba misumari yake ya shaba ni ya kuzuia tembo hunichekesha kila nikiisikia. Tembo gani hao wa Unguja? Mtindo umetoka Bara Hindi, ukapendeza, basi. Lakini mkoa wetu huu wa Mjini Magharibi ulihesabiwa watu karibu 900,000 katika sensa ya 2022, na wengi wao hawajapata kulala nyuma ya mlango wa namna hiyo hata usiku mmoja. Majumba ninayotaka kuyataja mimi nimeyachagua kwa kipimo kingine, na kipimo chenyewe ni mti.

Naandika riwaya. Najua maneno hayo yanavyosikika. Kila kijana aliyemaliza skuli na kukosa cha kufanya husema anaandika riwaya. Yangu ina familia moja inayokaa Mji Mkongwe, katika nyumba iliyogawanywa kwa wapangaji, kama zilivyogawanywa nyingi baada ya Mapinduzi ya 1964. Nilitaka kujua mama wa familia ile akitoka chumbani kwenda jikoni anapita wapi, na wale watoto wake sita wamelala vipi. Vitabu havikunisaidia. Nikaenda kwa mzee mmoja, fundi wa chokaa, ambaye ameshayabomoa na kuyajenga upya majumba mengi kuliko idadi ya kurasa nilizoandika.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu kitako."

Nikamuuliza kwa nini vyumba vya nyumba hizi vyote ni virefu na vyembamba, kama ushoroba. Hakunijibu. Alinyanyua mkono akaonesha juu.

"Zitazame boriti hizo. Unaziona zinatoka ukuta huu zinafika ule? Basi. Mti ndio uliopima chumba. Mwenye nyumba alipewa tu."

Nimekaa na jibu hilo miezi, na kila nikipita mjini naliona. Boriti ni mti wa mkoko. Zililetwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji na huko Lamu, na boriti moja huweza kubeba mzigo wake vizuri ikiwa kuta mbili hazikuachana zaidi ya mita mbili na nusu, au tatu hivi. Na mzigo wenyewe si mchezo. Juu ya boriti hupangwa mawe, juu ya mawe humwagwa chokaa na kokoto, halafu sakafu hiyo hupigwa kwa vijiti siku nyingi, watu wamejipanga, wanaimba, mpaka inakuwa ngumu. Kuta za chini zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi ambacho mtoto hukaa dirishani akakunja miguu bila kuanguka upande wowote.

Sasa fikiri, msomaji. Tajiri wa karafuu na pembe, mwenye majahazi na mashamba, aliweza kuurefusha ukumbi wake kama alivyotaka. Aliweza kupandisha ghorofa ya pili na ya tatu, akaagiza vioo na saa kutoka Ulaya. Lakini akivuka chumba chake kwa upana alikwenda hatua tatu, nne kwa shida, akagonga ukuta. Jirani yake wa kati na kati naye hatua zile zile. Kwa hilo walikuwa sawa, wapende wasipende.

Na ukishalijua hilo unaelewa baraza. Watu huandika mengi juu ya baraza, eti ni ukarimu wa Waswahili, eti ni utamaduni wa mazungumzo. Sawa, ukarimu upo. Lakini mtu ambaye chumba chake ni hatua tatu, tena chenye kitanda cha samadari na kasha la nguo, atampokea wapi mgeni mwanamume asiye mahramu na nyumba? Anajenga benchi la mawe nje, linakuwa sehemu ya ukuta wenyewe, na nusu ya maisha ya wanaume yanahamia hapo: kahawa, bao, habari za vifo na za bei. Mvua kubwa ikifurika vichochoroni, baraza inakuwa njia ya kupitia. Wanawake nao wakapata juani ya nyumba na roshani. Ndani mnabaki kulala, kuzaa, kuugua, na kusikilizana. Khasa kusikilizana. Mwandishi akikwambia kuna siri imekaa miaka kumi ndani ya nyumba ya wapangaji Mji Mkongwe, usimwamini.

Kwa hiyo majengo ninayoyapenda mie ni yale yaliyojaribu kuitoroka boriti. Nina matatu.

La kwanza liko Mkunazini, hatua chache kutoka sokoni Darajani (ambapo daraja halipo tena wala maji yake, limebaki jina). Ni kanisa la Anglikana, lililoanza kujengwa mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, na hapo hapo lilipokuwa soko. Askofu Edward Steere hakutaka paa la boriti. Alitaka kuba refu lililopinda kama pipa lililokatwa kati, kwa saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, na husimuliwa kwamba watu waliongoja lianguke walikuwa wengi kuliko walioomba lisianguke. Halikuanguka. Ndani yake kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Wanaotembeza wageni husema mafundi walizigeuza askofu alipokuwa hayupo. Mie huingia pale kwa sababu nyingine pia. Steere huyo ndiye aliyechapisha ngano za Unguja huko London mwaka 1870, alizozikusanya kwa watu wa hapa, na amezikwa humo humo, nyuma ya madhabahu. Mtu aliyeandika hadithi zetu kabla hatujaziandika wenyewe. Sijui nimshukuru au nimwonee wivu, na siku nyingine hufanya yote mawili. Lakini chini ya mguu pia nakumbuka ni ardhi gani ile, na ukubwa wa paa lile hauniachi nikasahau.

La pili ni Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Hili kila mtu analijua, na kila mtu hukwambia maajabu yake ni taa za umeme na lifti. Mimi nasema ajabu ilikuwa upana. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, akatumia nguzo za chuma na mihimili ya chuma, na kwa mara ya kwanza mtu wa mji huu akasimama kwenye ukumbi, akaangalia ukuta wa upande wa pili, na ukawa mbali. Hebu jiweke mahali pa mgeni aliyealikwa mle, aliyezaliwa na kukulia katika vyumba vya hatua tatu. Umeme angeuona kama uchawi, sawa. Lakini mwili wake ungeijua ile nafasi kabla ya macho.

Jumba lile lilisimama katika mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, vita vya dakika kama 40 vilivyoliangusha jumba la jirani yake, Beit al-Hukm. Likawa ofisi za serikali ya kikoloni, na baadaye likawa makumbusho. Ndani yake ulikuwepo mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba bila msumari, na nakumbuka tulivyopelekwa na skuli tukaambiwa tusiguse, na tukagusa. Kisha, tarehe 25 Disemba 2020, wakati matengenezo yanaendelea, mnara na sehemu kubwa ya mbele vikaporomoka. Watu wawili wakafa. Nilikwenda siku ya pili yake. Vumbi lilikuwa bado limekaa juu ya majani ya Forodhani. Watu walikuwa wamesimama kimya, jambo ambalo si la kawaida kwetu, na mzee mmoja pembeni yangu alikuwa akizihesabu nguzo zilizobaki kwa kidole. Akifika mwisho anaanza tena.

Nimesikia maelezo mengi juu ya sababu, na sitayarudia kwa kuwa mie si mhandisi. Ila fundi wangu wa chokaa aliniambia jambo moja juu ya nyumba kuu kuu kwa jumla. Ukuta wa chokaa unapumua: unanyonya maji, unayatoa. Ukija mtu akaupaka saruji ili upendeze, maji yanafungiwa ndani, na boriti zinaozea kwenye ncha, pale zilipoingia ukutani, ambapo huzioni. "Katikati ya mti mzima kabisa," alisema. "Unaufia pale ulipoushika." Usiku ule niliandika kurasa nne.

La tatu watakucheka ukilitaja. Vuka barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo hapo zamani ilikuwa ni mkono wa bahari, na tayari uko Ng'ambo. Nenda mpaka Michenzani. Yale maghorofa marefu ya zege, yaliyolala pande nne za njia panda, yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na mengi yalisimama miaka ya 1970. Mzee Karume alitaka watu wa nyumba za udongo na fito wakae kwenye nyumba za kisasa. Ili wajengewe, nyumba zao zilibomolewa kwanza, na wapo wazee ambao mpaka leo hukwambia mlango wao ulikuwa chini ya kibao gani cha duka. Wageni huyaona mabaya. Hata wenyeji wengi. Mie nimekulia ghorofa ya nne ya mojawapo, nimepandisha ndoo za maji ngazi zile siku ambazo maji hayakupanda, na bado nasema ni jengo lenye jambo.

Kwa sababu zege ilitoa kile ambacho awali kilikuwa cha sultani. Chumba cha bibi yangu, aliyekuwa akiuza vitumbua, kilikuwa na upana ambao tajiri wa Shangani hakuupata. Na watu wakafanya nini? Wakashuka chini wakajenga mabaraza. Penye mlango wa ngazi, penye kivuli, pakawekwa benchi, pakawekwa televisheni, pakaitwa maskani; maskani ya Kisonge na ubao wake wa maneno ya siasa inajulikana visiwa vizima. Nyumba zilipanuka, lakini mazungumzo hayakukubali kurudi ndani.

Hapo ndipo riwaya yangu ilipofika. Ukuta wa nyumba yao ya Mji Mkongwe umeanguka, na familia imepewa hifadhi kwa ndugu, Michenzani. Mama ameingia na samadari yake. Wanaume wawili wameipandisha kwa vipande, wameiunga, wanamuuliza, "Mama, tuiweke wapi?" Anawaambia waisukume ukutani, kama ilivyokuwa siku zote. Wanaisukuma. Katikati ya chumba panabaki sakafu tupu, kubwa, na watoto sita wamesimama mlangoni, hakuna anayetaka kuikanyaga wa kwanza.