Sabufa Katika Gari Kuukuu



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini gari la kwaya lilionekana likivutwa kwa kamba Jumapili ile jioni. Mnayo haki ya kujua, maana gari ni lenu na fedha zilizotumika ni zenu. Hivyo juma hili tunaomba mtuvumilie tukiandika juu ya jambo ambalo hatukuwahi kulifikiria kuwa la ukurasa huu, yaani sabufa.

Gari lenyewe mnalijua. Ni Toyota Hiace iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imekwisha kutumika, na tangu hapo hewa ya chumvi ya kisiwa hiki imeila chini ya milango kama mchwa alavyo boriti. Redio yake ilitengenezwa kwa masafa ya FM ya Kijapani ya wakati ule, yaliyokomea 90, ilhali ya kwetu huanzia 88 na kufika 108. Kwa hiyo vituo vyetu vingi haivipati hata kidogo. Spika mbili za milangoni zilikuwa na karatasi iliyolainika kwa unyevu. Vijana walikuwa wakicheza rekodi za mazoezi njiani kwenda shamba, nao waimbaji wa besi wakalalamika kwamba sauti ya kwanza wanaisikia, ya pili wanaisikia, lakini yao wenyewe ni kama imebaki bandarini.

Wakaja wanne. "Baba Paroko, tunaomba ruhusa tuweke sabufa."

Tulicheka, nasi tunakiri tulicheka vibaya, kwa dharau kidogo. Kwetu sabufa ilikuwa ni kelele za daladala. Lakini tulipokaa peke yetu tukakumbuka kwamba Unguja ni kisiwa cha besi tangu zamani. Aliyewahi kukaa karibu na ngoma ya msondo, aliyoipiga Bi Kidude hadi uzeeni kabla hajafariki mwaka 2013, anajua kuwa ngoma ile haisikiwi kwa masikio tu. Vikundi vyetu vya taarabu, Ikhwani Safaa cha mwaka 1905 na Culture Musical Club cha mwaka 1958, vimekuwa na yule mpigaji anayesimama nyuma ya wapiga fidla akiwa amekumbatia fidla kubwa kuliko yeye. Ondoa huyo, na wimbo wote unaelea. Tukawaruhusu.

Kwa uaminifu lazima tuseme tulichojifunza baadaye, kwamba kwa haja ile pengine sabufa haikuhitajika. Sauti ya chini ya mwanakwaya wa kawaida haishuki sana chini ya mitetemo 80 kwa sekunde, na spika mpya, nzuri kiasi, za milangoni zingeweza kuibeba. Mwenye gari kuukuu na fedha kidogo aanze hapo. Lakini vijana walikuwa wamekwisha kuiota sabufa, na ndoto ya kijana haina spika za milangoni.

Walichangishana, wakauza vitumbua, wakapata laki mbili na nusu. Darajani walinunua spika ya inchi 10 iliyotumika, pamoja na amplifaya ambayo boksi lake liliandikwa wati 1000. Fundi aliyewasaidia, mzee mwenye maneno machache, aliigeuza na kuwaonyesha fyuzi iliyochomekwa ubavuni: ampea 25. Akawaambia wazidishe kwa volti za gari, ambazo injini ikiwaka hukaribia 14. Hazifiki hata 350, na hizo ndizo zinazoingia. Zinazotoka ni chache zaidi. Hizo 1000, akasema, ni ukarimu wa aliyechapa boksi.

Kisha kuna kasha. Spika ya besi isiyo na kasha haifai, kwa sababu hewa inayosukumwa mbele hukutana na ile inayovutwa nyuma, zikauana. Seremala wetu aliwaunganishia kasha lililozibwa pande zote, la ujazo wa lita 25 hivi, yaani dumu la maji na ziada kidogo, kwa vipande vya plaiwudi nene vilivyobaki kazini kwake. Tunampongeza kwa kukataa mbao za MDF, ambazo katika unyevu wa hapa huvimba kama mkate ndani ya chai. Mpaka hapo kazi ilikwenda vema, nayo gharama ilikuwa ndogo.

Kosa lililofuata ni letu. Walipotuletea hesabu ya nyaya nene na fyuzi ya kuwekwa karibu na betri, tuliona ni fedha nyingi kwa vitu visivyotoa sauti. Tukawaambia, "Punguzeni hapo." Nao kwa utii wakapunguza. Waya wa nyumba, uliobaki tulipotengeneza ofisi, ukaunganishwa moja kwa moja na betri bila fyuzi, ukapitishwa katika tundu la bati linalotenganisha injini na abiria, bila hata kipira cha kuukinga na makali ya bati.

Majuma sita mambo yalikuwa mazuri. Wenye besi waliimba kama hawajawahi kuimba.

Jumapili ile tulikuwa tukirudi kutoka shamba, tumekwisha kupita Tunguu, watu kumi na wawili ndani, wawili kati yao watoto. Tulianza kunusa harufu ya plastiki. Mmoja akasema ni takataka zinazochomwa kando ya njia. Halafu moshi ukatoka chini ya redio. Dereva wetu alisimamisha gari, akafungua, akang'oa kichwa cha waya wa betri kwa mkono aliouzungushia shati lake, huku sisi tukiwashusha watoto kwa upande wa majani. Hakuna aliyeumia isipokuwa yeye, vidole viwili. Bati lilikuwa limeusugua waya hadi shaba ikaligusa, na betri ya gari, kitu kile tunachokipita kila siku bila kukitazama, inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Waya ukawa tanuri. Fyuzi ya shilingi elfu chache ingekatika, na sisi tungefika nyumbani bila muziki.

Usiku ule hatukulala mapema. Tulikuwa tukiwahesabu wale kumi na wawili.

Sasa gari lina waya wa milimita za mraba 8, kipira kwenye tundu, na fyuzi ya ampea 30 isiyozidi shubiri mbili kutoka kwenye betri. Gharama hiyo tumeilipa sisi wenyewe. Vijana wamekatazwa pia kucheza muziki injini ikiwa imezimwa, kwani betri humalizika upesi. Wenye umri wanaokumbuka giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika, wanajua betri ilivyokuwa na heshima nyumbani.

Limebaki jambo moja, nalo si la fundi. Bibi mmoja, jirani yetu wa Mji Mkongwe, alitusimamisha mlangoni kwake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Hiyo gari yenu ikipita, vikombe vyangu kabatini vinaitikia. Na babu yenu yumo ndani kalala, moyo wake mbovu. Anan'ambia anausikia mdundo kifuani, hajui ni wake au wa gari."

Tulidhani kuta zile nene za mawe na chokaa huzuia kila kitu. Huzuia sauti nyembamba. Ya chini hupita. Wimbi la mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita saba, kuliko upana wa vichochoro vyetu vingi. Tena tangu tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib ilipoporomoka, mtu wa mji huu anaposikia nyumba ikitetema hafikirii muziki kwanza.

Kwa hiyo fundi ameweka swichi ndogo kando ya usukani. Gari likikaribia Mji Mkongwe, dereva huizima sabufa. Husahau mara moja moja, nasi habari hutufikia kesho yake asubuhi kutoka kabatini.